Mombasa na Pemba zimo mbinguni. Na Chundwa je?



Juma hili twawaandikia tukiwa tumerejea kutoka Chundwa, katika kisiwa cha Pate, tulikokwenda kuwazuru jamaa zetu. Kutoka Amu tulipanda boti hadi Mtangawanda, na kutoka huko tukachukuliwa kwa pikipiki kupita katikati ya minazi na makonde hadi mjini. Ulikuwa mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma, na mbingu zilikuwa safi. Usiku wa pili, baada ya swala ya Isha, wenyeji wetu walitandika mkeka uani, kahawa ikaletwa, na mazungumzo yakawa marefu kama yalivyo mazungumzo ya jamaa waliokosana macho kwa miaka.

Katika nyumba ile mna binti wa darasa la sita, asubuhi yuko skuli na alasiri yuko chuoni. Alilala chali pembeni ya mkeka akizitazama nyota. Sisi, kwa kutaka kumfurahisha, tukamwambia jambo tulilolisoma: kwamba huko juu, baina ya sayari ya Mirihi na sayari ya Mushtari, kuna jiwe moja kubwa lizungukalo jua ambalo jina lake ni Mombasa, na jingine ambalo jina lake ni Pemba. Binti akanyamaza. Kisha akauliza, "Na Chundwa je?"

Watu wazima tulicheka sote. Lakini swali lile halikutuacha. Tumelichukua hadi nyumbani, na leo twataka kulijibu kama linavyostahiki, kwa kuwa ndani yake mna jambo linalotugusa sisi wazazi kuliko linavyomgusa yule mtoto.

Kwanza, tueleze mawe hayo ni mawe gani. Mwenyezi Mungu amejaalia kuwa jua letu haliandamwi na sayari kubwa peke yake. Baina ya Mirihi na Mushtari kuna mkanda mpana wa mawe yasiyohesabika, mengine makubwa kama nchi, mengine madogo kama nyumba, yote yakilizunguka jua katika njia zake. Wataalamu huyaita asteroidi. Ukichukua umbali wa ardhi yetu hadi jua, ambao ni kilomita milioni 150 hivi, basi mkanda huo waanza mbali na jua kiasi cha mara mbili na kidogo ya umbali huo, na kuishia kiasi cha mara tatu na kidogo. Na pamoja na wingi wa mawe yake, lau yangekusanywa yote pahala pamoja, uzito wake usingefika hata sehemu moja ya ishirini ya uzito wa mwezi.

Mkanda huo hugawanywa sehemu tatu: ya ndani, ya kati na ya nje. Sehemu ya nje ndiyo iliyo mbali zaidi na jua, na ndiyo yenye mawe yanayowashughulisha sana wataalamu wa zama hizi. Huko ndiko liliko jiwe liitwalo Hygiea, lililoonwa mwaka 1849 na Annibale de Gasparis katika mji wa Napoli nchini Italia. Upana wake ni kiasi cha kilomita 430, karibu sawa na safari ya ndege kutoka Mombasa hadi Nairobi, na picha zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kuwa limeviringana karibu kama mpira. Huko pia liko jiwe Themis, ambalo mtu yule yule aliliona mwaka 1853. Kila moja kati ya hayo mawili huchukua miaka mitano na nusu hivi kulizunguka jua mara moja.

Mawe mengi ya sehemu hiyo ya nje ni meusi kama makaa. Sababu yake wanaieleza hivi: mfumo wa jua ulipokuwa ukiumbika, pahala palipo karibu na jua palikuwa na joto kali na maji hayakuweza kutulia humo, bali mbali na jua palikuwa na baridi, na maji yakaganda pamoja na vumbi. Mwaka 2010 makundi mawili ya wataalamu yalitangaza kwamba yameona juu ya jiwe Themis dalili za barafu nyembamba, mfano wa umande ulioganda. Wapo wataalamu wanaoona kuwa sehemu ya maji ya bahari zetu ililetwa hapa ardhini na mawe ya namna hiyo, zamani sana kabla ya mwanadamu. Sisi watu wa visiwani, tunaojua thamani ya kisima chenye maji matamu na ya birika la mvua, tuna haki ya kutua kidogo juu ya habari hiyo na kusema Subhanallah.

Sasa turudi kwa Mombasa na Pemba. Mawe haya yote mawili yalionwa mwanzoni mwa mwezi wa Julai 1937, siku chache zikipishana, na mtu mmoja aliyeitwa Cyril Jackson, katika kituo cha falaki cha Johannesburg, Afrika Kusini. Alizaliwa Uingereza akalelewa Afrika Kusini, na katika maisha yake aligundua asteroidi 72. Kazi yake ilikuwa ya subira. Sehemu ile ile ya mbingu hupigwa picha juu ya bamba la kioo, kisha hupigwa tena baada ya muda, halafu picha mbili hulinganishwa nukta kwa nukta. Nyota hazionekani kusogea. Nukta iliyosogea, hiyo ndiyo asteroidi.

Jiwe Mombasa lilipata nambari 1428, na Pemba nambari 1429. Mombasa ni jiwe jeusi, la kabila moja na yale ya sehemu ya nje, na njia yake yapita karibu na pale sehemu hiyo inapoanzia. Upana wake ni kiasi cha kilomita 50, na hulizunguka jua kwa muda usiofika miaka mitano. Pemba ni dogo zaidi, kiasi cha kilomita 10, liko karibu zaidi na jua, na mzunguko wake ni miaka minne na kidogo. Hapa pana la kuchekesha: kisiwa cha Mombasa kingeingia mara nyingi ndani ya jiwe lake, ilhali jiwe la Pemba halifiki hata robo ya urefu wa kisiwa cha Pemba. Hakuna hata moja kati yake linaloonekana kwa macho matupu. Usijisumbue kutoka uani kulitafuta, lahitaji darubini.

Tena hayo si mawili peke yake. Mwaka 1933, mwezi wa Juni, Jackson alikuwa ameona mawe mengine mawili, na majina yake leo ni Kenya, nambari 1278, na Uganda, nambari 1279. Jiwe Kenya hujizungusha taratibu mno: siku yake moja hukaribia siku zetu nane. Na mwaka ule wa 1937 aliongeza Ruvuma, nambari 1427, na Somalia, nambari 1430. Basi tazama safu hii: Ruvuma, Mombasa, Pemba, Somalia, 1427, 1428, 1429, 1430. Ni kama jahazi lililotoka kusini likapanda pwani yetu kwa upepo wa kusi. Lakini baina ya Mombasa na Somalia, nahodha huyo hakutia nanga Amu, wala Pate, wala Faza. Alipita moja kwa moja. Ndiyo maana yule binti alipouliza, "Na Chundwa je?", aliuliza swali la haki.

Jina la asteroidi halipatikani kwa siku moja. Jiwe likionwa mara ya kwanza hupewa alama ya muda, yenye mwaka na herufi. Likithibitishwa njia yake, jambo ambalo huchukua miaka, hupewa nambari. Baada ya nambari, aliyeligundua hupata haki ya kupendekeza jina, na haki hiyo hudumu miaka 10. Jina hupitiwa na kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki. Halipaswi kuzidi herufi 16. Halipaswi kuwa la biashara. Na mtu wa siasa au wa vita hapewi jiwe mpaka ipite miaka 100 tangu kufa kwake. Leo mawe yenye nambari yamepindukia 700,000, na yaliyopata majina ni zaidi ya 24,000. Yaliyobaki yangali yakiitwa kwa nambari, mfano wa mtoto ambaye siku ya saba imepita na wazee wake hawajaafikiana.

Na hapa tuwanasihi wasomaji wetu. Wako watu wanaouza majina ya nyota mitandaoni: unatuma pesa, unapelekewa cheti chenye jina la mtoto wako au mama yako marehemu. Cheti hicho hakitambuliwi na wanafalaki, na jina hilo haliandikwi popote isipokuwa katika daftari la muuzaji. Asteroidi hazinunuliwi. Mwenye kutaka kumfanyia wema mama yake marehemu, sadaka ya kisima ni bora kwake kuliko karatasi hiyo.

Liko jiwe jingine ambalo tungependa mabinti zetu walijue. Nambari yake ni 7060, na jina lake ni Al-Ijliya. Lilionwa mwaka 1990 na Henry Holt katika kituo cha Palomar, Marekani, na jirani zake kwa nambari ni 7057 Al-Farabi na 7058 Al-Tusi. Majina ya wanazuoni hao wawili yajulikana. Lakini Al-Ijliya ni nani? Ni mwanamke wa Kiislamu aliyeishi Halab, nchi ya Sham, zama za mtawala Sayf al-Dawla, aliyetawala hapo baina ya mwaka 945 na 967. Kazi yake ilikuwa kutengeneza asturulabu, ala ya shaba iliyochongwa kwa hesabu nzito, ambayo kwayo watu walipima kimo cha jua na nyota, wakajua saa za swala, na kwa hesabu wakapata upande wa kibla. Baba yake alikuwa fundi wa kazi hiyo, na yeye akaisoma kazi ikamkaa.

Habari zake twazipata kwa Ibn al-Nadim wa Baghdad, katika kitabu chake Al-Fihrist, kilichoandikwa mwaka 377 wa Hijria. Na habari zenyewe ni fupi mno, hazizidi mstari mmoja. Siku hizi mtamsikia akiitwa Mariam, na mtaona picha zake zilizochorwa na hadithi ndefu za maisha yake. Ukweli ni kwamba Ibn al-Nadim hakulitaja jina lake la kuzaliwa. Alimtaja kwa nisba ya baba yake tu: Al-Ijliya, binti wa Al-Ijli. Mwanamke aliyewatengenezea watu ala ya kuzijua nyota, kisha nyota zikabaki na majina yake, na yeye jina lake likapotea. Hata lilipopatikana jiwe la kumkumbukia, halikuwa na jina lake la kuandikwa.

Twamtaja huyu bibi kwa sababu usiku ule Chundwa kulikuwa na bibi mwingine.

Ni nyanya yake yule binti, aliyekuwa ameegemea ukuta na tasbihi mkononi. Baada ya kicheko kutulia tulimgeukia yeye tukamwambia, "Shikamoo bibi, nanyi zamani mlikuwa mkiziitaje hizi?" Akaitikia salamu, kisha akasema, "Mimi sikusoma, wanangu. Na mambo hayo tuliambiwa tusiyataje, ni mambo ya ramli." Akarudi kwenye tasbihi yake.

Hatukumshurutisha. Lakini jawabu lake lilituuma, kwa kuwa tunajua limetoka wapi. Wapo miongoni mwetu wanaochanganya mambo mawili yasiyofanana. Kuzitazama nyota ili kudai kuijua ghaibu, kupiga bao, kumwambia mtu harusi yake itakuwaje au nani kamroga: hayo dini imeyakataza wazi, na hatuna la kuyatetea. Ama kuzitazama nyota ili kuijua njia baharini, wakati wa kupanda, kuandama kwa mwezi, kibla na saa za ibada, hiyo ni ilimu ya falaki, na Qur'ani yenyewe imezitaja nyota kuwa ni za kuongozea watu katika giza la bara na bahari. Misikiti mikubwa ya Waislamu ilikuwa na mtu maalumu wa kazi hii, aliyeitwa muwakiti. Ibn al-Shatir, mmoja wa wanafalaki wakubwa waliopata kuishi, alikuwa muwakiti wa Msikiti wa Bani Umayya huko Damascus, naye alifariki mwaka 1375. Kumwambia ajuza aliyeijua mbingu kwa ajili ya konde na ngalawa kwamba ilimu yake ni ramli, ni kumdhulumu, na ni kujidhulumu sisi wenyewe.

Usiku ulipokua, binti akapitiwa na usingizi. Ndipo bibi, bila ya kuulizwa tena, akanyoosha kidole. Kilichokuwa juu kabisa, kikundi cha nyota ndogo zilizosongamana, akasema ni Kilimia. Kilimia, kwa kuwa ndicho kilichowaongoza wakulima. Akatueleza kama alivyoelezwa na wazee wake: Kilimia hufika wakati kikazama magharibi baada ya Magharibi, kikafichika siku nyingi, kisha kikatokeza tena mashariki kabla ya alfajiri. Wazee waliangalia kimezama katika hali gani. Kikizama jua likiwaka, waliitazamia mvua kitakapozuka. Kikizama kwa mvua, walilitazamia jua. Kisha akaonyesha upande wa kusini, nyota moja yenye mwanga mkali, akasema ni Suheli, na kwamba mabaharia waliuita upande wenyewe kwa jina la nyota hiyo. Akataja na Jaha, nyota ya kaskazini, ambayo Chundwa hatuioni kwa kuwa tuko chini kidogo ya ikweta. Baba yake aliiona alipokwenda na jahazi Arabuni, kila siku ikipanda kimo juu ya maji kadiri walivyosonga mbele, na alipofika nyumbani aliwahadithia wanawe kama mtu aliyeuona mji.

Akatuhesabia pia miongo, yaani siku kumi kumi zinazohesabiwa kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka wa jua, ambazo kwazo wazee walijua mwongo upi ni wa kufyeka konde, upi wa kupanda, na upi bahari haiendeki. Akazitaja nyota nyingine nne au tano kwa majina ya kwao, na kila moja na kazi yake: hii ya mwenye kutega samaki, hii ya mwenye kuamka daku, hii ikitokeza basi upepo umekaribia kugeuka. Tulisikiliza kwa furaha kubwa. Tuliitikia, tukamshukuru, tukaingia kulala.

Asubuhi tulitaka kumhadithia binti yale aliyoyakosa. Kilimia tulikikumbuka. Suheli na Jaha tulizikumbuka, kwa kuwa twazijua hata vitabuni. Na yale majina mengine, ya kwao, ambayo hatujayasoma popote? Hatukukumbuka hata moja. Tukaangaliana. Tulipofungua mkoba tukakuta kijitabu chetu, na ndani yake, kwa hati nzuri, tulikuwa tumemwandikia yule mtoto: Cyril Jackson, Johannesburg, 1937, Mombasa 1428, Pemba 1429. Jina la mtu wa mbali, aliyekwisha kuandikwa katika vitabu vya dunia nzima, sisi tuliliandika bila kukosea herufi. La bibi aliyekaa nasi mkeka mmoja hatukuliandika. Tukataka kumrudia, tukaambiwa amekwenda kondeni tangu alfajiri. Na boti ya Amu haimngoji mtu.

Wasomaji wetu, hatulitaji hili kwa kujipamba kwa unyenyekevu. Twalitaja kwa kuwa twaamini nyumba nyingi za pwani ziko katika hali hiyo hiyo. Watoto wetu husoma skuli majina ya sayari na ya wagunduzi, na hilo ni jema, waendelee. Lakini katika nyumba hizo hizo yuko nyanya au babu ajuaye majina ya nyota, ya pepo, ya maji kupwa na kujaa, ya miti ya dawa, na hakuna aliyemuuliza. Yeye mwenyewe ameshaambiwa mara nyingi kwamba hakusoma, mpaka ameamini. Siku akiondoka, hatutapata hata ule mstari mmoja ambao Ibn al-Nadim alimwandikia Al-Ijliya.

Qur'ani, katika Suratul-Baqara, yatusimulia kuwa Mola alimfundisha baba yetu Adam majina. Basi kuwa na majina ya vitu, kuyajua na kuyahifadhi, ni tunu aliyopewa mwanadamu tangu mwanzo. Tumpe mtoto jina jema siku ya saba, na tumpe pia majina ya ulimwengu anaoishi ndani yake, kwa lugha ya wazee wake.

Lifanywalo ni dogo. Tafuta daftari la kurasa mia. Usiku usio na mwezi, kaa uani na wazee wako, mtoto mwenye hati nzuri awe mwandishi. Aandike jina la nyota kama linavyotamkwa na mzee, asilisahihishe kwa Kiswahili cha vitabuni. Aandike huonekana upande gani, mwezi gani, saa ngapi, na kazi yake ilikuwa nini. Aandike pia jina kamili la aliyelisema, la kwake na la baba yake, na mji wake, kwa ridhaa yake. Yakiandikwa mambo ya ramli, yaachwe. Mzee mwenyewe aghalabu anajua mpaka uko wapi kuliko sisi.

Ama binti wa Chundwa, jawabu la swali lake ni hili. Tangu mwaka 2006 kuna mpango wa kimataifa wa kutafuta asteroidi, unaoendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Hardin-Simmons, Texas, ambao huyapa makundi ya wanafunzi picha zilizopigwa na darubini za Pan-STARRS huko Hawaii. Halitozwi kundi malipo. Lahitaji kompyuta, intaneti, mwalimu mwenye moyo na watoto wenye subira. Wanafunzi huzitazama picha zilizopishana muda, wakatafuta nukta iliyosogea, kazi ile ile aliyoifanya Jackson kwa mabamba ya kioo. Makundi kutoka nchi za Afrika yamekwisha kushiriki. Jiwe likithibitishwa baada ya miaka, huja zamu ya jina. Herufi zinazoruhusiwa ni 16, na Chundwa ina 7 tu. Nafasi ipo.

Lakini tulimwambia mama yake amfahamishe na jambo la pili: kwamba jina la Chundwa likifika juu na majina aliyoyajua bibi yake yakapotea chini, hatutakuwa tumepata kitu kikubwa.

Tulimpelekea daftari kwa mkono wa msafiri. Juma hili mama yake ametupigia simu. Kurasa mbili zimejaa, na mmesahihishwa mwongo mmoja ambao sisi tuliuelewa kinyume. Zaidi ya hapo bibi amekataa kwa sasa. Asema majina mengine hayamjii akiwa ndani ya nyumba. Humjia akiziona nyota zenyewe, na baadhi yake hazitaonekana tena mpaka Kilimia kitokeze alfajiri, mwezi wa Juni. Amemwambia mjukuu wake amwamshe.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amjaalie umri wenye afya, yeye na wazee wetu wote, atuzidishie ilimu yenye manufaa, na atusamehe tuliyoyasikia tukayapoteza. Wallahu aalam.

Wassalamu alaykum.